Deni la Tarehe Kumi

Asubuhi ile mwalo wa Rumonge, bandari ya wavuvi kando ya ziwa, ulifurika watu hata ukidondosha leso unaiaga hapo hapo. Mitumbwi ya taa ilikuwa imerudi na ndagala, dagaa wa ziwa lile, na kila mtumbwi ulizingirwa na wanawake wenye mabeseni, kila mmoja akipaza sauti kumshinda mwenzake. Vestine hakupaza sauti. Alisimama kando ya mtumbwi wa tatu, kitenge cha kijani kiunoni, ndala mkononi, akamkodolea macho mwanamume aliyekuwa akipima samaki, mpaka mwanamume akapoteza hesabu.

"Dada, unaniangalia hivi, niko na deni lako?"

"Oya," Vestine alikataa. "Naangalia beseni yako. Imebonyea chini. Tunalipa samaki wenye hawamo."

Wanawake wakacheka. Mwanamume akaigeuza beseni, akaona ni kweli, akaokota jiwe na kuigonga palepale mbele ya wateja wake mpaka ikanyooka. Aliitwa Lukeba, mzaliwa wa Baraka ng'ambo ya ziwa, kiongozi wa kikosi cha wavuvi tisa. Alikuwa na miaka thelathini, mabega mapana, na shati lililofuliwa mara nyingi kuliko lilivyoshonwa kuvumilia.

"Haya. Ngapi?"

"Mbili."

"Chukua ine. Utalipa mbalamwezi ikiingia, sawa na wenzako wote."

Ndivyo wanavyoishi watu wa pwani ile. Ndagala hufuata taa wakati wa giza. Mbalamwezi ikiingia samaki hutawanyika, wavuvi hupumzika siku saba, nane, wakishona nyavu, na hizo ndizo siku za kulipana. Asiyechukua samaki kwa deni ama ni tajiri ama ni mgeni.

"Mbili," Vestine alisema. "Na ninalipa sasa."

Akafungua ncha ya kitenge, akalipa hadi faranga ya mwisho. Lukeba akatoa daftari na kalamu ya risasi.

"Jina?"

"La nini, na nimeshalipa?"

"Daftari haina haja nalo. Mi ndiye nalitaka."

Vestine alijitahidi asitabasamu, akashindwa. Mapenzi hayana adabu. Huingia hata mahali panaponuka samaki.

Kabla ya wiki mbili kwisha, simu zilikuwa zinapigwa mchana kutwa.

"Sheri wangu, umekula?" Lukeba angeuliza.

"Nimekula. Na wewe, umelala?"

"Nalala namna gani, na sauti yako iko masikioni?"

"Basi zima simu, ulale."

"Nikizima, nani ataniambia nilale?"

Lukeba alimpenda kwa yote, lakini zaidi kwa kiburi kile cha kulipa taslimu. Aliwaambia vijana wake kwamba amepata mwanamke asiyedaiwa na mtu. Maskini Lukeba. Katika Rumonge nzima hapakuwa na msichana wa miaka ishirini na saba aliyedaiwa kama Vestine.

Mwaka jana alikopa milioni tatu kwenye shirika moja la akiba, akajenga vichanja vya waya vya kuanikia ndagala, vinane, vizuri, na mtaji uliobaki akanunulia samaki. Miezi mitatu alilipa bila kukosa. Mwezi wa nne akachelewa siku sita. Wa tano, siku nane. Kila kuchelewa kukazaa faini, faini ikala malipo, na jina lake likaingia kwenye lisiti, orodha ya wasiolipa, ile ambayo kila mkopeshaji nchini huifungua kabla ya kukukaribisha kiti. Tangu hapo hakuna aliyemkopesha hata sabuni. Hakulipa taslimu kwa kiburi. Alilipa taslimu kwa sababu aliogopa neno deni kuliko nyoka.

Wakala wa shirika, Leonidasi, sasa alikuwa ametamka wazi: tarehe kumi ijayo ikipita bila malipo, vichanja vyote vinane vinabebwa. Bila vichanja Vestine hakuwa na kazi, na bila kazi deni lile lingemzeesha. Kwa hiyo kila mbalamwezi ilipoingia na samaki wakakosekana, alikwenda Kigwena kukamua mawese kwa Mama Speciosa, akilipwa kwa kila bidoni ya mafuta iliyojaa.

Lukeba hakujua lolote kati ya hayo. Alichojua ni kimoja, na kilimkereketa kooni kama mwiba wa samaki mukeke: kila alipopata siku za kupumzika, Vestine hapatikani.

Mwezi wa nne wa mapenzi yao alimwalika kula kwenye mkahawa wa kando ya barabara. Mbalamwezi ilikuwa inaingia. Lukeba alivaa shati jeupe lililopigwa pasi mpaka mikono ikasimama. Vestine gauni la manjano na hereni alizoazima. Mukeke wa kuchoma uliletwa na ndizi. Lukeba hakugusa.

"Mjomba wangu anavuka kutoka Baraka wiki hii," akasema. "Atafika kwenu kuongea mambo ya mahari. Bahasha iko tayari."

Rangi ikamtoka Vestine. "Usimwite, Lukeba. Bado."

"Juu ya nini?"

"Ngoja kidogo tu, mukunzi wangu. Kesho niko na kazi Kigwena."

"Kila mara Kigwena. Siku zangu za kupumzika ndizo siku zako za kunikimbia. Kazi gani inafuata mbalamwezi?"

Vestine aliinuka kwenda kunawa mikono, ili apate pa kuficha uso. Simu yake ikabaki mezani, na simu, kwa ubaya wake, ikaita. Kiooni palisomeka: Leonidasi. Lukeba aliitazama ikiita, ikanyamaza, ikaita tena. Akaipokea bila kusema neno.

"Vestine, usinidanganye tena," sauti ya mwanamume ikasema. "Kesho nakuja mwenyewe Kigwena. Safari hii sirudi mikono mitupu."

Vestine aliporudi, maji yakimdondoka vidoleni, alikuta simu katikati ya meza na Lukeba amesimama.

"Leonidasi ni nani?"

Hapo angesema. Sentensi moja ingetosha. Lakini aibu ina mkono mzito, ikimshika mtu mdomo hauachii kirahisi. Vestine akakausha vidole kwenye gauni.

"Nimekuuliza. Unamuuzia samaki, ao unamuuzia na kitu kingine?"

Alilisema kwa sauti, mkahawa mzima ukasikia. Mhudumu akasimama na sahani mkononi. Vestine alichukua simu, akamtazama Lukeba, na machozi hayakutoka kwa sababu hasira iliyatangulia.

"Murakoze kwa chakula," akashukuru, akaondoka.

Lukeba alilala bila usingizi, na asubuhi akafanya anachofanya kila mwenye wivu: akaenda kutafuta cha kumuumiza. Alipanda teksi hadi Kigwena, akauliza njia, akafuata kijia katikati ya michikichi mpaka kwenye mashine ya Mama Speciosa. Alikuwa ameandaa maneno. Alitarajia nyumba, pazia, mwanamume ametulia kwenye kiti.

Alimkuta Vestine peku, gauni la zamani limelowa mafuta mekundu hadi magotini, anasukuma mti wa mashine, anazunguka na kuzunguka na wanawake wengine wawili, mawese yakichuruzika ndani ya pipa. Kando yake alisimama kijana mwembamba mwenye miwani, jaketi la pikipiki na kitabu cha risiti.

"Wewe ndiye Leonidasi?" Lukeba aliuliza.

"Ndiye. Na wewe ni mdhamini wake? Maana siku zimebaki chache, nimeagizwa nichukue laki mbili na nusu, ao nichukue vichanja."

Vestine aliachia mti wa mashine. Wenzake wakasimama. Mama Speciosa, mwenye mashine, akaangalia pembeni kwa heshima, lakini masikio aliyaacha.

"Sasa umejua," Vestine akasema. "Huyu ndiye bwana wangu. Ananipigia simu kuliko wewe, na kila akipiga natetemeka. Jina langu iko kwa lisiti. Tukiandikishana ndoa kwa ofisi ya komine, deni yangu inakuwa yako. Ndiyo maana nilisema mjomba angoje."

Ukali ulimtoka Lukeba, akabaki na aibu tupu. Akaingiza mkono kwenye koti, akatoa bahasha ya mahari, nene, imefungwa kwa raba.

"Kata zote. Leo. Imalizike."

Leonidasi alinyoosha mkono. Vestine akausukuma chini, alama ya mawese ikabaki kwenye jaketi.

"Oya."

"Pesa yangu inanuka?"

"Hainuki. Lakini ukinilipia leo, kila siku ya ndoa yetu nitakuwa nakukagua kama nilivyokagua beseni yako, natafuta penye umebonyea. Na wewe siku ukikasirika utanikumbusha. Jana ulikasirika, nikasikia unavyoongea. Deni iliandikwa kwa jina yangu. Nitaitoa kwa mikono yangu."

Lukeba alisimama na bahasha kama mtu aliyeshikishwa mtoto wa mwingine. Alitaka kuondoka, na miguu ilikuwa imeshageuka, alipouliza swali moja la mvuvi.

"Wanakudai tarehe gani?"

"Kumi. Kila mwezi kumi."

Akahesabu kwa vidole, midomo ikitembea. "Lakini tarehe kumi iko katikati ya mbalamwezi."

Vestine aliinamisha kichwa. Hili ndilo alilolificha hata zaidi ya deni lenyewe. "Waliniuliza mi mwenyewe nichague. Mwezi ule tarehe kumi ilikuwa giza ya mwisho, pesa yote iko mukononi. Nikasema kumi. Nilichagua kwa kuangalia juu, nikasahau karatasi haiangalii juu. Mbalamwezi ikawa inarudi nyuma, siku moja kila mwezi, mpaka ikanifunika, kumi inanikuta pesa ya giza imeshaliwa."

"Sielewi," alisema Leonidasi, aliyezaliwa Gitega kwenye vilima. "Mbalamwezi na mkopo vinahusiana nini?"

Lukeba akamweleza, kwa hasira, kama Leonidasi ndiye aliyeuumba mwezi. Leonidasi alisikiliza, akavua miwani, akaifuta.

"Dada, kwa nini hukusema? Tarehe zinabadilishwa. Deni inapangwa upya, faini zinasimama."

"Ningesema nini? Ya kwamba mutoto wa pwani ameshindwa kuhesabu mwezi?"

"Shida ni moja. Mtu wa lisiti, shefu wangu hataamini neno lake tupu. Anataka ushahidi kwamba unalipa watu."

Hapo Lukeba akatoa daftari mfuko wa nyuma, lile lile, limevimba kwa maji ya ziwa. Akalifungua juu ya pipa. Miezi minne ya wanawake wa mwalo ilikuwa mle, kila jina na deni lake, mistari iliyokatwa na isiyokatwa. Na asubuhi baada ya asubuhi, kwa kalamu ya risasi: Vestine, beseni mbili, amelipa. Vestine, beseni tatu, amelipa. Hakukuwa na mstari wake hata mmoja uliodaiwa.

Leonidasi alisoma kurasa nyingi kuliko alivyohitaji. "Utatia sahihi kwamba hii ni kweli?"

"Natia. Si kumdhamini, amekataa. Natia kwamba ndivyo ilivyo."

Leonidasi akapiga simu kwa shefu wake, akaongea muda mrefu akizunguka pipa. Shefu alikubali kwa shingo upande: vichanja vibaki, lakini akikosa mara moja tu, vinabebwa bila simu. Wakaketi kwenye gogo. Lukeba alitaja lini giza litakwisha katika kila mwezi ujao, Leonidasi akaandika tarehe za miezi saba, hakuna mbili zilizofanana. Lukeba akatia sahihi, akarudisha bahasha kotini.

"Lukeba," Vestine aliita. "Maneno ya jana bado nakudai."

"Najua," akajibu, akaondoka bila kugeuka.

Miezi saba ni mirefu kwa watu wanaoonana kila asubuhi. Mwaloni Lukeba alimpimia kama mteja yeyote. "Dada, ngapi?" "Tatu, bwana." Simu zilinyamaza. Vestine alikonda, akasukuma mti wa Kigwena, akaanika, akauza Bujumbura, akalipa. Mwezi wa tano upepo mkali uliwazuia wavuvi siku nne mfululizo, na alipungukiwa elfu thelathini jioni ya kuamkia siku ya malipo. Aliuza simu yake. Lukeba alisikia habari ile kwa wengine, akauma kidole, akaheshimu neno lake. Hakuna kilichomgharimu maishani kama kukaa kimya wiki ile.

Kisha mbalamwezi nyingine ikaingia. Wavuvi walikuwa mwaloni mchana wanashona nyavu, Lukeba katikati yao, sindano mdomoni, aliposikia mazungumzo yamekatika. Vestine alikuwa anakuja juu ya mchanga, gauni lile la manjano, safari hii hereni zake mwenyewe. Akasimama mbele yake, akampa karatasi yenye mhuri.

Lukeba akasoma polepole. Hadaiwi kitu. Jina limeondolewa kwenye lisiti.

"Umemaliza," akasema, akamrudishia karatasi.

"Langu nimemaliza. Sasa lako."

Lukeba alielewa. Aliweka wavu chini, akasimama, vijana wake wanane wakimtazama, na wanawake wa mwalo, na muuza chai. Alikuwa amemtukana mbele ya watu.

"Musikie wote," akasema. "Huyu mwanamke nilimuambia neno chafu mbele ya watu, na lilikuwa la uongo. Wivu ndio ulisema, na mi niliukopesha mudomo. Vestine, unisamehe. Nilikosa."

Muuza chai akasahau birika.

"Nimesamehe," Vestine alisema. Kisha machozi yaliyochelewa miezi saba yakafika yote pamoja, naye hakuyafuta. "Mjomba wako wa Baraka angali anavuka ziwa?"

"Anavuka."

"Basi mwite aje kwetu."

Lukeba alimshika mikono yote miwili. Ilikuwa migumu, na kwenye kucha mawese hayajatoka. "Nimwambie tarehe gani, sheri?"

"Tarehe nimeachana nazo," Vestine akasema. "Mwambie aje sasa hivi, kabla mbalamwezi haijaisha. Siku zako za kupumzika, na mi niko hapa."