Mtandao wa Jina Lile Lile

Haya yalimpata shoga yangu Tuulikki, mjane wa huku kwetu kaskazini mwa Ufini, na mpaka leo hataki kuyarudia. Mumewe, Veikko, alizama ziwani barafu ilipompasukia, simu ikiwa mfukoni. Hakuonekana tena.

Ruta ya nyumbani, kile kisanduku cha kusambaza intaneti, ilipokufa, Tuulikki alinunua mpya. Dada yake Marketta akawa anamwelekeza kwa simu namna ya kuifunga.

“Weka jina lile lile na nywila ile ile, mdogo wangu. Vifaa vyako vitajiunga vyenyewe. Au unataka kuzunguka nyumba nzima kama fundi?”

“Fundi wewe, fundi wa mdomo!”

Ilikuwa alasiri, lakini nje giza totoro, kama kawaida ya huku majira ya baridi, na barafu ya ziwani ilikuwa ikikoroma. Kwenye kioo cha simu ya Tuulikki vikatokea vifaa vilivyojiunga: televisheni, kompyuta, kisha simu ya Veikko, ikiwa na mstari mmoja tu wa mtandao, kama kifaa kilicho mbali.

“Dada, simu ya Veikko imejiunga.”

“Acha utani wa maiti, we!”

Mistari ikawa miwili. Ikawa mitatu. Ikajaa.

Halafu, kwenye ngazi za mlangoni, Tuulikki akasikia mtu akigonganisha buti zake kukung’uta theluji, kama tufanyavyo sote kabla ya kuingia ndani.