Mgonjwa Hakulalamika

"Mheshimiwa Jaji, shahidi wetu wa kwanza ni mtoto wa marehemu."

Aliyesema hayo ni wakili wa hospitali. Wa hospitali, mnanielewa? Siyo wakili wetu!

Mlango ukafunguliwa, akaingia mdogo wangu Lorcan, kavaa suti ileile aliyomzikia mama.

Hakunitazama hata kidogo. Akapanda kizimbani, akashika Biblia, akaapa.

Nguvu za kulia sikuwa nazo jamani... miaka minne ya kesi ilishanimaliza, machozi yenyewe yalikuwa yamegoma.

Ngoja niwarudishe nyuma kidogo, maana najua mnavyowaza, mtasema tunagombania urithi. Urithi gani? Mama yetu, Assumpta Gilhooly, aliacha nyumba inayovuja na paka wawili wenye roho mbaya.

Mimi naitwa Dympna. Kwetu ni Kilcarra, mji mdogo katikati ya Ireland. Ukipiga chafya pale buchani, mpaka ufike posta wameshajua una mafua. Mama alilazwa hospitali ya palepale, akakatwa kipande cha utumbo kilichokuwa na uvimbe. Upasuaji wenyewe ulienda vizuri.

Siku ya tatu mshono wa ndani ukaachia. Uchafu wa utumbo ukamwagika tumboni, sumu ikaingia kwenye damu.

Na hakuna aliyejua. Mnajua kwa nini?

Kwa sababu kila aliyemuuliza hali, mama alimjibu, "Mimi niko safi kabisa."

Ndivyo tulivyo huku kwetu. Mtu kavunjika mguu, mfupa unaonekana nje, ukimuuliza anakwambia yuko safi, halafu anakuuliza wewe kama umekunywa chai. Kusumbua watu tunaona aibu kuliko kufa. Mama alimwambia hivyo nesi wa asubuhi, akamwambia nesi wa mchana, akamwambia na Daktari Prendeville. Daktari akasimama miguuni pa kitanda, akatabasamu, akaenda zake.

Kesho yake asubuhi mama akafariki.

Tulipouliza imekuwaje, hospitali ikatujibu maneno mawili. Hayo ndiyo yaliyonipeleka mahakamani.

Mgonjwa hakulalamika.

Yaani kajiua mwenyewe! Kwa adabu zake!

Nilitaka wayafute hayo maneno. Basi. Wale mtakaokimbilia kuniuliza nimelipwa shilingi ngapi, rudini mlikotoka.

Nikamtafuta wakili, mama mmoja mtu mzima anaitwa Noreen Twohig, macho mekundu muda wote, mezani kwake chai imepoa tangu juzi.

"Mwanangu, kufiwa siyo ushahidi," akaniambia. "Na daktari kukosea siyo lazima uwe uzembe. Madaktari wanakosea kila siku ya Mungu."

"Sasa uzembe ni nini?"

"Nionyeshe kwamba daktari mwingine wa ngazi yake, mwenye uangalifu wa kawaida tu, asingefanya alichofanya yeye."

"Si tumlete huyo daktari mwingine aseme?"

Akacheka. Cheko la mtu aliyechoka kunizidi mimi.

"Nani? Hawa wamesoma pamoja, wameoleana madada. Mtaalamu tutamtoa Uingereza."

"Halafu tumeshinda?"

"Halafu bado! Nionyeshe kwamba uzembe huohuo ndio uliomuua. Wakisema angekufa hata kama wangemwona mapema, tumekwisha."

Nilitoka pale kichwa kinauma.

Kilcarra ikanigeuka. Mama muuza mikate, aliyenijua tangu sina meno, akanikabidhi mkate wangu bila kuniangalia.

"Daktari Prendeville ndiye aliyemtoa mume wangu kidole tumbo," akasema. "Mtu mzuri sana yule."

"Sijasema ni mtu mbaya."

"Mmh."

Kuanzia siku hiyo mkate nanunua kituo cha mafuta.

Na Lorcan? Yeye anaishi Cork. Alinipigia simu mara moja tu tangu nifungue kesi.

"Dada, achana nayo. Niliongea na mama siku ile. Mwenyewe alisema yuko safi."

"Kwa hiyo unasema kajiua?"

"Nasema achana nayo."

Nikamkatia. Ndiyo ikawa mwisho wetu wa kuongea, mpaka nilipomwona pale kizimbani... upande wa waliomuua mama!

Sasa sikilizeni kesi ilipokuwa imefikia.

Jana yake alisimama mtaalamu wetu kutoka Uingereza, mzee mmoja mkavu, ana sauti ya kumlaza mtu usingizi. Akasema mshono wa utumbo ukiachia, mwili unasema kabla ya mdomo. Pumzi zinakuwa za haraka, moyo unakimbia. Daktari makini hamuulizi mgonjwa tu, anamwangalia anavyopumua. Na kama mama angerudishwa chumba cha upasuaji mchana ule, kuna uwezekano mkubwa angepona.

Nikasema moyoni, haya, tumefika.

Wakili wa hospitali, Bwana Cusack, akainuka anarekebisha tai.

"Daktari, chati ya mchana ule inasema alipumua kawaida. Una sababu yoyote ya kusema chati inadanganya?"

"Sina. Sikuwepo."

Noreen akafumba macho. Nje kwenye korido akaniambia ukweli.

"Hilo ndilo shimo letu. Nahitaji mtu aliyemwona mchana ule, au aliyemsikia."

Mimi siku ile nilikuwa na mafua makali, wodini walinizuia mlangoni. Sikuwa na cha kusema, na Lorcan sikumtaja, maana yeye alichosikia ni "niko safi" tu.

Ndiyo asubuhi yake wakamleta Lorcan.

"Huyu mdogo wako ni mtu wa namna gani?" Noreen akaninong'oneza.

"Mchekeshaji," nikamjibu kwa hasira. "Kila harusi anamwigiza mama watu wafe kwa kicheko. Ndiyo kazi pekee anayoiweza!"

Noreen akaniangalia, akakunja karatasi yake ya maswali akaiweka pembeni.

Bwana Cusack akaanza.

"Uliongea na mama yako kwa simu siku moja kabla hajafariki?"

"Ndiyo."

"Muda gani?"

"Saa sita mchana. Kengele ya sala ilikuwa inalia kwenye redio ya wodini, niliisikia."

"Alikwambia hali yake ikoje?"

"Alisema yuko safi kabisa."

"Alilalamika maumivu yoyote?"

"Hapana."

"Asante sana, bwana."

Akakaa. Ameridhika kama aliyetoka kula pilau la bure!

Nilimwangalia Lorcan, nikasema kimoyomoyo, mdogo wangu, leo umemzika mama mara ya pili.

Noreen akainuka taratibu, anashikilia kiuno.

"Bwana Gilhooly, naambiwa unajua kumwigiza mama yako."

"Mheshimiwa Jaji!" Cusack karuka. "Hapa siyo ukumbini kwenye harusi!"

Jaji akamtazama Noreen, akamtazama Lorcan.

"Shahidi ajibu. Kwa kifupi."

"Asubuhi za kawaida, mama yako alikuwa anaongeaje?"

Lorcan akasita. Kisha akanyoosha shingo, akabana midomo... na wallahi mama akaingia mahakamani.

"Umesikia redioni nani kafa ni yule Packie wa kilimani aliyetuuzia ng'ombe kipofu mazishi kesho na mkewe hata keki hajui kuoka itabidi nioke mimi na mvua itanyesha na wewe hebu jiangalie hujanyoa ndevu!"

Pumzi moja! Bila kituo!

Watu wakacheka. Karani akacheka. Hata jaji alijifanya anapangusa mdomo. Mimi ilinichoma hapa kifuani, maana ilikuwa sauti yake kabisa.

"Vizuri," Noreen akasema kwa upole. "Sasa ile simu ya saa sita. Mwigize hivyohivyo, kama ulivyomsikia."

Lorcan akafungua mdomo.

"Mimi... niko safi... Lorcan. Usije... we kaangalie... mechi yako. Niko... safi... kabisa."

Kila maneno mawili anavuta hewa. Hewa fupifupi, za juujuu, kama mtu aliyepanda ngazi na ndoo mbili za maji.

Hakuna aliyecheka.

Lorcan mwenyewe alishtuka. Nilimwona anajisikiliza. Rangi ikamtoka usoni. Miaka yote hiyo alikuwa ameshikilia maneno ya mama tu, zile pumzi hakuwahi kuzisikiliza.

"Ndivyo alivyoongea?" Noreen akauliza.

"Ndivyo..."

"Simu nzima?"

"Simu nzima."

"Kulikuwa na nesi karibu?"

"Ndiyo. Mama alimshukuru kwa chai. Nilimsikia nesi anamjibu."

"Na wewe ulifikiri nini, bwana?"

Akaanza kulia. Mwanaume mzima na suti yake, mbele za watu.

"Nilitaka awe safi," akasema. "Kulikuwa na mechi."

Nikageuka. Yule mzee wa Uingereza alikuwa ameacha kuandika, kaweka kalamu chini, anatikisa kichwa polepole kukubali. Jaji alikuwa anamwangalia yeye.

Bwana Cusack akaomba mapumziko.

Kwenye korido walikwenda na kurudi, wanaume wenye majoho meusi wananong'ona dirishani. Mwishowe Noreen akaja, kavua lile wigi lake la uwakili.

"Wanataka tumalize leo."

"Na yale maneno?"

"Watayafuta. Mbele ya jaji, kwa sauti."

Mchana Bwana Cusack akasimama akasoma. Kwamba Bi Assumpta Gilhooly alikuwa na dalili zilizopaswa kuonekana. Kwamba hakuna kosa lolote lililokuwa lake. Kwamba hospitali inaomba radhi.

Daktari Prendeville alikuwa benchi la nyuma, kainamisha kichwa. Amezeeka. Nilikuwa nimepanga kumtazama kwa chuki siku hiyo ikifika, nikashindwa. Nilichokuwa nakitaka ni kuvua viatu.

Stesheni, nikisubiri treni ya kurudi nyumbani, mtu akakaa kando yangu na vikombe viwili vya chai.

Lorcan.

Tukanywa. Chai ikafika nusu.

"Kwa nini ulienda upande wao?" nikamuuliza.

"Kwa sababu kama Prendeville hana kosa, na mimi sina." Alikuwa anaongea na kikombe. "Aliniambia nisije, Dada. Nikakubali haraka. Haraka mno."

Kumbe! Miaka yote nilidhani anaitetea hospitali. Alikuwa anajitetea mwenyewe, maskini ya Mungu, mbele ya hakimu asiyeonekana.

"Nisamehe."

Treni ikatangazwa imechelewa, kama kawaida yao.

"Na wewe, Dada? Uko sawa?"

Mdomo wangu ukafunguka wenyewe.

"Niko sa..."

Nikajisikia ninavyohema.

"Hapana, Lorcan. Siko sawa. Nimechoka, nina njaa, bado nina hasira na wewe, na namtaka mama."

Akanipa mkono wake. "Mimi pia," akasema.

Ndugu zangu mnaosoma, mimi siyo mwalimu wa mtu. Ila ukilazwa, lalamika. Sumbua watu. Wakikuona msumbufu shauri yao, utawaomba msamaha ukishapona.

Na ukimpigia simu mgonjwa wako akakwambia yuko safi, usikate haraka. Muulize nani kafa mtaani, mwache aongee, nawe nyamaza umsikilize anavyopumua.