Bolti ya Saba

Ufa ulikuwa na joto. Jua lilikuwa bado halijafika upande ule wa mwamba, na jiwe lote la chokaa alilolipanda lilikuwa baridi, lakini mkono alioupenyeza ufani ulihisi joto la kwapa.

"Mjusi, umelala?" kaka yake aliuliza kutoka chini, akimwita kwa jina lake la utani. Ndiye aliyemshikia kamba.

"Nilale na nani huku? Subiri."

Wapandaji wa mwamba ule walikuwa na desturi isiyoandikwa popote. Nusu ya chini, palipo laini, walitoboa na kukaza bolti sita za kupitishia kamba. Juu, ufa unapoanza, hakuna kutoboa: kila mtu hupachika kabari zake za chuma na kuondoka nazo. Juma lililopita kaka yake, fundi wa kuchomelea, aliivunja desturi hiyo. Mjusi alikuwa na mtoto wa miezi tisa, na kabari huchomoka. Kaka alipanda peke yake na drili, akakaza bolti ya saba.

"Wazee wakinuna, wanune," alimwambia. "Mimi nataka mpwa wangu awe na mama."

Sasa kamba ilikuwa imepita kwenye bolti hiyo, na mkono wa kulia ulikataa kutoka.

Alivuta. Akalegeza ngumi, akanyoosha vidole, akageuza kiganja, kama anavyowafundisha wageni. Mwamba ukabana zaidi. Ndipo ikaja harufu ya nywele zilizoungua, na nyuma ya harufu, pumzi.

"Nani amenitoboa?"

Sauti ilikuwa ndogo, ya mtu asiyetaka kuamsha wenzake.

Mjusi alijua jibu. Lilikuwa limesimama chini, limevaa kofia nyekundu.

"Mimi," alinong'ona.

Ufa ukabana mpaka mifupa ya kiganja ikapandana, na ile pumzi ikampanda mkononi, ikapita kiwiko, ikapita bega, ikafika sikioni na kutulia hapo, ikisubiri, huku yeye amesimama juu ya vijiwe visivyozidi upana wa kidole.

"Mwongo."

"Unaongea na nani?" kaka aliuliza.

"Kaka, nyamaza. Usiseme neno."

"Ni bolti inakutia wasiwasi? Nimeikaza mimi mwenyewe, mdogo wangu. Haitoki hiyo."

Ufa ukafunguka.

Mjusi alianguka, kamba ikamdaka. Kaka yake akaanza kumshusha, taratibu mno. Alipogusa ardhi aliona sababu. Mkono wa kulia wa kaka ulikuwa kwenye kamba. Wa kushoto ulikuwa ndani ya mwamba hadi kwenye kiwiko, mahali ambapo asubuhi hapakuwa na ufa.

"Usipige kelele," kaka alisema. "Nikisogea kinavuta."

"Kinataka nini?"

"Bolti yake itoke. Spana iko mfukoni mwangu."

Mjusi aliitoa spana, akatazama juu. Kushusha mtu, mkono mmoja unatosha; kumshikia anayepanda huhitaji miwili. Na kamba yenyewe ilikuwa imening'inia kwenye bolti ile ile ya kung'olewa. Jiwe lilikuwa limeshafika begani mwa kaka.

"Nani atanishikia kamba?"

Kaka yake alitikisa kichwa, midomo ameifumba kwa nguvu, machozi yanamtoka.

Huko juu, ufani, sauti ya kaka yake ikajibu kwa upole:

"Mimi hapa. Panda."