Posa ya Mchora Majalada

"Mama, ungekuwa unanisimulia habari za mtu mwingine, ningecheka," binti alisema, akaweka kijiko mezani. "Lakini ni wewe."

Mama yake alikuwa mhariri wa riwaya za mapenzi katika kampuni ndogo ya vitabu, mjane wa miaka mingi, asiyempaka mwandishi yeyote mafuta kwa mgongo wa chupa. Jumapili ile alikuwa amemwambia bintiye kwamba mchora majalada wa pale kazini, mtu mzima kama yeye, ameomba kumwoa. Wote walimwita Wino, maana vidole vyake havikutakata hata siku za sikukuu.

Binti, mtoto wa pekee, alikuwa mfamasia mwenye mume na nyumba yake. Alikua akizisoma riwaya za mama: za kale zenye wafalme na mapanga, za kuchekesha ambamo wawili hugombana mpaka wakaoana, za mashaka ambamo mpenzi ndiye anayeshukiwa kuua, na zile za kuliza. Ndiyo maana alichosema kilimchoma mama.

"Hakuna hata moja ambamo mjane wa umri wako anaolewa. Na unajua kwa nini, Mama. Hakuna anayetaka kuisoma."

Mama aliinuka. Aliosha vyombo, akafuta mikono, akamwandikia Wino: "Mwanangu hajaridhia. Nisamehe. Tubaki kama tulivyokuwa."

Jibu lilikuwa neno moja: "Nimekuelewa."

Wino hakumnunia. Alimsalimia kama kawaida, akampelekea michoro, akaondoka. Ila chai ya asubuhi, ambayo miaka yote waliinywa pamoja wakiwasengenya waandishi wao, sasa kila mtu aliinywa chumbani kwake. Mhariri akaanza kuteleza. Alipitisha hadithi ambamo bwana harusi alibadilika jina katikati ya harusi, na hakuliona kosa mpaka mpiga chapa alipomcheka. Presha yake ikapanda.

Binti akamletea dawa kazini. Mama alikuwa kikaoni, hivyo binti akaelekezwa asubiri katika chumba cha majalada. Wino alisimama, akamsogezea kiti, akamwonyesha kazi yake. Hadithi za kale huzipa rangi ya shaba, alieleza, za vichekesho njano, za mashaka weusi, ili msomaji aijue aina kabla hajasoma hata jina la kitabu.

Binti alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Mbona hukunijia mwenyewe?"

"Nije nikuambie nini, mwanangu?"

"Wanaume wa kwenye riwaya hizi huja. Hupigania."

"Hupigania, kweli. Nimewachora wengi." Wino alifuta brashi taratibu. "Lakini mimi ningepigana na nani? Na wewe? Nikikushinda, mama yako ataingia kwangu nusu."

"Kwani unataka nini kwake?"

"Kula naye jioni. Anikosoe kazi yangu, maana hakuna anayeijua kama yeye. Mmoja akiugua, mwenzake awepo."

Binti akautazama mfuko wa dawa mapajani mwake. Alifikiria jioni zote zilizo kati ya Jumapili moja na nyingine, mama akijipakulia peke yake. Hakuwahi kuzifikiria. Akatoa vidonge, akavipanga mezani kando ya rangi.

"Hivi ni vya asubuhi, hivi vya jioni," alisema. "Vya jioni huvisahau. Itabidi umkumbushe."

Wino aliitikia kwa kichwa.

Mama alipotoka kikaoni aliwakuta wameinamia vidonge, bintiye akieleza, Wino akirudia kama mwanafunzi. Alisimama mlangoni, akavua miwani, akaifuta kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

Ndoa ilifungwa ofisini kwa msajili. Upande wa bibi harusi walijaa: mkwe, shangazi wawili, wahariri wenzake. Wino hakuwa na ndugu aliyebaki duniani, akasimama peke yake na suti iliyopigwa pasi vizuri.

"Upande wa bwana harusi kuna nani?" msajili aliuliza.

Binti aliuachia mkono wa mumewe, akavuka chumba, akasimama kando ya Wino.

"Mimi," alisema.