Nyumba Ishirini Katika Bustani ya Villads

Jytte Kragh alikuwa dereva wa basi, na mara nyingi zamu yake ilianza alfajiri. Mumewe, Palle, alifanya kazi kwenye kiwanda cha kuchapa magazeti mjini Kopenhagen. Mtaani kwao nyumba zilikuwa thelathini, kila moja na uzio wake, gari lake na mashine yake ya kukatia nyasi. Mchana mtaa ulikuwa mtupu. Jioni, katika kila jiko, mtu mmoja aliyechoka alisimama akimenya viazi.

Januari ya mwaka 1976 binti yao Maiken, mwenye miaka minane, alitaka kumsaidia mama yake, akabandika viazi mwenyewe. Sufuria lilimponyoka na maji ya moto yakamwunguza mkono. Alibisha hodi nyumba sita, asipate wa kumfungulia. Jytte aliporudi alimkuta ameketi ngazini, mkono ameutia kwenye theluji, anatetemeka.

Kidonda kilipona, lakini Jytte hakutulia. Alimwambia Palle kwamba hawezi kuishi hivyo tena. Palle akauliza kama anataka kuacha kazi.

"Nataka majirani," Jytte alijibu. "Hapa tuna nyumba tu."

Walianza kuzungumza na wenzao wa kazini na wazazi wa shuleni. Baada ya miezi michache zilipatikana familia ishirini. Walitaka kujenga pamoja. Kila familia ingekuwa na mlango wake, jiko lake na vyumba vyake, lakini katikati kungekuwa na nyumba moja kubwa ya wote, ya kupika kwa zamu na kula pamoja.

Waliitaka bustani ya Villads, mwisho wa mtaa. Villads alikuwa mjane aliyelima mboga na matufaha hapo miaka arobaini, na sasa magoti yalikuwa yamemshinda. Lakini katika mpango wa halmashauri, bustani ile iligawanywa viwanja kumi na moja vya kawaida. Ili familia zile zijenge, ilibidi mpango ubadilishwe, na kwanza wakazi wasikilizwe.

Villads hakutaka hata kuwakaribisha ndani.

"Nasikia mtakula pamoja, mtaoga pamoja, na waume mtagawana kwa zamu," alimwambia Jytte mlangoni.

"Wangu anakoroma, mzee. Hakuna atakayeitaka hiyo zamu."

Villads nusura acheke. Kisha akasema lililomuuma. Nyumba kumi na moja zingeiharibu ardhi yake vya kutosha. Ishirini zingeimaliza kabisa.

Jytte alikwenda halmashauri kumwona Birthe Thorup, afisa wa mipango miji. Jumamosi Birthe alifika bustanini na buti za mvua, akiwa na vigingi vya mbao na kamba.

Kwanza alipima mpango wa zamani. Alivuta kamba palipotakiwa barabara, na mahali pa magari kugeuzia, na njia ya gari ya kila nyumba. Alipomaliza, kamba zilikuwa zimefunika bustani yote. Miti mingi ya matufaha ilikuwa katikati ya barabara.

Kisha aling'oa kila kitu, akapima mpango wa pili. Nyumba zingesimama safu mbili, ukuta kwa ukuta, milango ikitazamana kwenye njia ya miguu. Magari yote yangeachwa langoni. Zaidi ya nusu ya bustani ilibaki bila kamba.

Villads alizunguka taratibu kwa fimbo yake.

"Na hapa?" aliuliza.

"Hapa hapajengwi. Panabaki bustani."

"Ishirini zinaeneaje padogo kuliko kumi na moja?"

"Nyumba yenyewe haili ardhi sana, Villads," Birthe alisema. "Barabara ndiyo inayokula. Na vibanda vya magari, na zile nyasi za mbele ambazo hakuna anayezikalia. Hawa watafulia chumba kimoja, na wageni wao watalala vyumba viwili vya wote. Kwa hiyo kila nyumba inaweza kuwa ndogo."

Aliendelea kueleza kwamba mabomba yangekuwa mafupi, mvua ingepata udongo wa kuinywa, na kwa kuwa watu wangekuwa wengi, basi la abiria lingeweza kufika hadi hapo. Mji ukijenga namna hii hauvamii mashamba yaliyo nje yake. Kisha akamgeukia Jytte, akamwonya: wakubaliane mapema, kabla ya tofali la kwanza, nani anapika lini na maamuzi yatafanywaje. Aliwahi kuona kundi zuri likivunjika kwa kukosa hayo.

Siku ya kusikiliza wakazi ukumbi ulijaa. Wengi walipinga. Walihofia kelele, watoto, na watu wenye tabia za ajabu. Villads alisimama mwisho.

"Nilikuwa wa kwanza kupinga," alisema. "Lakini nimeupima mpango huu kwa miguu yangu. Ule wenu wa zamani unaniachia lami. Huu unaniachia udongo."

Halmashauri ilibadilisha mpango. Ujenzi ulichukua miaka miwili. Familia mbili zilijitoa baada ya ugomvi kuhusu mbwa, nyingine mbili zikaingia. Villads alipewa nyumba ya pembeni, na kila mara alisema hakuna anayejua kupogoa miti isipokuwa yeye.

Tangu hapo kila mtu mzima alipika mara moja kwa mwezi. Siku nyingine alikuja kula tu.

Jumanne moja Jytte alitoka kazini saa kumi na mbili jioni, akaingia nyumba ya wote na kuuliza Maiken yuko wapi. Mmoja alisema yuko kwa Villads. Mwingine alisema amemwona akielekea chumba cha kufulia. Wa tatu alisema kwa uhakika, "Yuko kwangu, anacheza na wanangu."

Jytte alivua koti, akajipakulia nyama na mchuzi, akaketi. Alikula mpaka akamaliza, bila kuinuka kwenda kumtafuta.