Mchuzi wa Kamba Kwenye Changu Wangu

Midomo ndiyo iliyoanza kufa ganzi.

Kisha ulimi. Kisha koo likaanza kufunga, polepole...

Na mwanaume aliyekuwa anioe mfungo mosi, baada ya Ramadhani, alikuwa amekaa mbele yangu, glavu za plastiki mikononi, anavunja gando la kaa.

"Nadir," nilimwambia, "sipati pumzi."

Akanitazama. Akatafuna. Akameza.

"Acha maigizo, Muzda. Watu wanatuangalia."

Wadau, hayo ndiyo maneno ya mwisho niliyoyasikia vizuri kabla sijapoteza fahamu.

Jina langu Muzdalifa. Kwetu Kikwajuni, na nnafanya kazi mapokezi kwenye hoteli moja ndogo Mji Mkongwe. Nnaandika haya bila kulia, lakini msinisifu kwa hilo. Machozi yenyewe tu hayaji.

Mie nina aleji ya kamba, kaa, kamba kochi, jamii yote ile. Iligundulika tangu mdogo, nilipokula sambusa ya kamba kwenye maulidi nikavimba uso mpaka mama yangu asinitambue. Dokta akasema hata mchuzi wake nisionje.

Nadir nilimwambia mwanzo kabisa, kabla hata ya posa. Akacheka, akasema basi kamba wote atakula yeye.

Tatizo, kwao ni Fumba. Kwao kamba ndiyo chakula cha mgeni wa heshima. Kila nikienda kusalimia, linapikwa sinia la wali wa kamba, na mie naletewa wali na yai pembeni. Shangazi zake wakawa wanasema chinichini, huyu bibi harusi wa mjini anajidai. Nadir hakunitetea hata mara moja. Alikuwa anaona haya, nikadhani anawaonea haya wao, kumbe mie.

Mama yake, Bi Mashavu, hakuwa mtu wa maneno. Alikuwa ananisogezea lile yai na kuendelea kula. Mie nikaona huyu ndiye hanipendi kuliko wote.

Sasa pale Shangani ukafunguliwa mgahawa wa mapishi ya Kimarekani yanayoitwa Kikajuni. Mwenyewe anaitwa Msabah, mtu wa hapahapa aliyeishi Marekani miaka mingi, huko Luiziana, akarudi na mapishi yao. Kaa, kamba, mahindi na viazi vinachemshwa pamoja kwa pilipili na viungo, halafu vinamwagwa mezani juu ya karatasi. Hakuna sahani. Mnavaa glavu na kitambaa shingoni, mnakula kwa mikono. Mji mzima ulikuwa unaposti.

Nadir akasema atupeleke mimi na mama yake tule mchana, tuzoeane kabla ya harusi. Nilisita. Akaniapia kwamba samaki wapo.

Msabah mwenyewe alikuja kutuhudumia. Nikamweleza hali yangu, akanisikiliza vizuri, akasema atamwambia mpishi wake anikaangie samaki changu kwenye kikaango chake peke yake, mbali na masufuria ya kamba.

Kabla chakula hakijaja, Nadir aliondoka mezani kwenda kunawa. Muda mdogo baadaye Bi Mashavu naye akanyanyuka, akasema anatafuta pa kutia udhu. Wakarudi mmoja baada ya mwengine.

Changu akaja na mchuzi mwekundu juu yake. Nikauliza huu nini.

"Siagi na pilipili," Nadir akasema. "Onja basi, mtu kakupikia mbali."

Nikaonja. Mtamu. Nikakata tena...

Mengine nshawaambia.

Aliyenishika si Nadir. Ni Bi Mashavu. Aliipindua ile karatasi ya mezani na kaa wake wote, akaniinua, akamwita Msabah kwa sauti ambayo sikujua kama anayo. Gari haipiti kwenye vile vichochoro, kwa hiyo Msabah akatoa vespa yake. Bi Mashavu, na umri wake ule, akapanda nyuma, mie katikati, kanikumbatia nisianguke mpaka hospitali.

Wakanidunga sindano. Nikarudi duniani.

Nilipoweza kuzungumza, Nadir alikuwa kando ya kitanda changu, macho mekundu, kanishika mkono. Akaniambia kwa kunong'ona kwamba ni mama yake. Ati alikwenda jikoni, akamwambia mpishi nina madeko tu, anitilie mchuzi wa kamba kidogo tuone kama ni kweli.

Bi Mashavu alikuwa kasimama mlangoni. Alisikia kila neno.

Nikamuuliza, "Mama, ni wewe?"

Akainamisha kichwa.

"Ni mimi, mwanangu. Nisamehe."

Sikumtukana. Sikuhisi hata hasira. Nilimwambia tu kwamba harusini kwangu asije, nikageukia ukutani.

Nyumbani mama yangu alitaka posa ivunjwe. Mie ndiye niliyekataa. Nilisema Nadir kosa lake nini, mtu hachagui mzazi. Alikuwa ananiletea matunda, ananipigia simu asubuhi na jioni. Shoga zangu wakasema nimepata mume.

Yale maneno yake ya mezani niliyaweka pembeni. Nilijiambia hakujua.

Wiki ya harusi nikawa ndani, nasingwa mwili kwa liwa ya msandali, marufuku kutoka. Alasiri moja mama akaja kuniambia kuna mgeni, na hajui kama amruhusu.

Alikuwa Bi Mashavu. Katoka Fumba peke yake.

"Shikamoo," nikamwambia. Sikumwambia karibu.

"Marahaba." Akakaa chini, kwenye mkeka, buibui lake hakulivua.

Akanieleza. Siku ile yeye alikwenda kutia udhu kweli, na alipopita karibu na jikoni alimuona Nadir anazungumza na mpishi. Hakufuatilia. Alipoona nimevimba ndipo alipofahamu. Hospitali, kabla sijazinduka, Nadir alimpigia magoti. Alimwambia, Mama nisitiri, mie ataniacha, wewe atakusamehe.

"Nikakubali," akasema. "Ni mwanangu."

Nikamuuliza kwa nini basi ananiambia leo.

Akasema juzi alimsikia Nadir anazungumza na kaka zake ukumbini. Wanacheka. Anawaambia ile ilikuwa dozi kubwa tu, kosa lake lilikuwa haraka. Akishanioa atanitilia kidogo kidogo kwenye chakula bila mie kujua, mpaka nizowee.

"Kuitwa mama mkwe mbaya naweza," Bi Mashavu akasema. "Kuja kukuosha maiti siwezi."

Nilikuwa nimepakwa liwa usoni, imeanza kukauka. Nakumbuka ngozi ilivyokuwa inavuta. Zaidi ya hapo sikuhisi kitu.

Nikampigia Msabah, ili nisije nikamwonea mtu. Akasema mpishi wake alishamwambia siku ileile, aliyekuja jikoni ni mwanaume. Alidhani nyumbani tunajua.

Nadir nilimwita, akaja. Nikamuuliza mbele ya mama yangu. Wala hakukataa.

"Nilikuwa nakusaidia," akasema. "Sasa ungekaaje kwetu nawe huli kamba?"

Alikuwa anauliza kweli. Anangoja jibu, kama mtu aliyeuliza jambo la maana.

Nikamwomba atoke. Posa ikarudishwa, maturubai yakarudishwa, na jirani wakaja kunipa pole kama kumefiwa.

Dada zangu mnaosoma, na kaka pia. Mtu akikwambia mwili wake hauwezi kitu, kazi yako ni kumuamini, si kumpima. Na wewe uliyeposwa, usitazame anavyokuletea matunda ukishalazwa. Tazama kama alikuamini ulipokuwa mzima. Mie nilipewa jibu mezani, watu wanatazama, nikajitia sijasikia. Nusura nimfuate hivyohivyo mpaka chumba cha harusi.

Watu wananiuliza kama nimemsamehe Bi Mashavu ule uongo wake wa hospitali. Nimemsamehe. Nadir hazungumzi na mama yake tangu siku mama alipokuja kwetu, na Bi Mashavu hakuwahi kunilaumu kwa hilo.

Siku za Ijumaa hunipigia simu. Ananiuliza nimekula nini, namwambia, anasema alhamdulillahi. Mwanawe hatumtaji.