Ufunguo Uliosomwa na Ofisi Nzima

Umewahi kuuona mlango unaomjua mtu kuliko jirani yake anavyomjua? Wa kituo cha kusafishia damu cha Tanga Mpya ulikuwa hivyo. Mgonjwa wa figo akisimama mbele yake, jicho la kioo humtazama, tovuti ya zamu humtafuta, na mlango hufunguka polepole kama pazia. Kisha sauti tamu husema, "Karibu, kitanda chako ki tayari." Mhudumu hata mmoja hayupo. Waliondolewa wote. Katika kikao cha kuwaondoa, Siwatu, fundi wa tovuti hiyo, alinyoosha mkono. Mkuu wake, Mzee Shekiondo, akamwambia maswali baadaye. Baadaye hiyo haikufika.

Sasa shangazi yake Siwatu, Bi Mwanaheri, alikuwa nje ya mlango huo huo tangu asubuhi, na khanga yake ya maua mekundu, na chupa ndogo ya chai ya mchaichai. Mlango ulimkataa zamu iliyopita, na leo umemkataa tena. Damu isiposafishwa, maji hujaa usoni. Kwa hiyo kadiri alivyougua, ndivyo alivyovimba, na ndivyo mlango ulivyozidi kumsahau.

Dawa ya mlango Siwatu, akiwa ofisini mbali na kituo, alikwisha kuiandika: programu mpya inayotambua nyuso zilizovimba. Kilichobaki ni Mpelekaji, mtambo unaopandisha programu kwenye kompyuta ya kituo bila mkono wa mtu. Mpelekaji huingia kwa ufunguo wake, mstari mrefu wa herufi za siri, na kule kituoni lipo kufuli, nalo la herufi, linaloukubali ufunguo huo tu.

"Ruhusa imekataliwa," Mpelekaji akasema.

"Umekosea kufuli, bibie," Mzee Shekiondo akacheka, akichokonoa meno. "Vijana mna haraka kama mnakimbiza kuku."

Siwatu alimeza hasira. Akalikagua kufuli herufi kwa herufi: sawa. Jina la kuingilia: sawa. Akajaribu tena. Ruhusa imekataliwa.

Simu ikalia. "Siwatu mama, usijichoshe," Bi Mwanaheri akasema, pumzi ikikatika kila baada ya neno. "Nimekaa hapa chini, pembeni ya maua. Hamna taabu."

 Siwatu akaiweka simu mezani bila kuikata, akamwambia Mpelekaji, "Nieleze kila hatua, usifupishe."

"Nimefika. Kompyuta ya kituo imeniitikia. Ufunguo wangu unasomeka na kila mtu ofisini. Ufunguo wa namna hiyo siutumii."

Siwatu akageuka na kiti chake. "Nani kauweka wazi?"

"Mimi, jana," Mzee Shekiondo akajibu, wala hakuona aibu. "Sisi hapa ni familia. Mchana tunakula sinia moja. Tufichane ya nini?"

"Sinia ni la wali, mzee! Huu ni ufunguo wa wagonjwa! Hata mashine imekataa kuushika, wewe umeutandaza kama mkeka!"

 Siwatu akaufunga ufunguo usomwe na Mpelekaji peke yake. Kwa kuwa wengi walikwisha kuuona, kuutupa na kutengeneza mwingine kungefuata. Akabonyeza Mpelekaji ajaribu tena.

"Nimeingia. Programu imepokelewa."

Kwenye simu ikasikika ile sauti tamu: "Karibu, Mwanaheri, kitanda chako ki tayari."

Siwatu akangoja hatua za shangazi yake. Hazikuja. Mlango ulisikika ukijifunga, ukafunguka. "Karibu, Mwanaheri." Ukajifunga tena.

"Shangazi! Ingia!"

"Mlango umenijua, mwanangu," Bi Mwanaheri akasema kwa sauti ndogo. "Ila miguu hainyanyuki. Na hapa hamna wa kunishika mkono."

Siwatu alikwisha kuchukua mkoba, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi.

"Unakwenda wapi saa za kazi?" Mzee Shekiondo akauliza. "Si mlango umefunguka?"

Siwatu akasimama kizingitini, machozi ya hasira yakimchoma.

"Siku ile ya kikao nilinyoosha mkono, ukanikatiza. Nilitaka kusema hivi, na leo utanisikiliza: pale mlangoni akae mtu!"